"Baba Yupi?" Pancha ya Toscana Iliyofichua Siri ya Bidada wa Mtandaoni

Ile picha karibu kila mtu aliiona. Bidada kasimama na baiskeli katikati ya uwanja mkubwa wa Siena, kule Italia. Jua la jioni linampiga usoni, kofia ya baiskeli ameishika mkono wa kushoto, pete ya uchumba inang'aa. Komenti zikamiminika: "Kapo ya taifa hii." "Hela inaongea jamani." "Na sisi Mungu atukumbuke."

Kuna kitu hakuna aliyekiona. Mkono wake wa kulia haupo kwenye picha. Ameuficha nyuma ya siti ya baiskeli.

Kucha mbili za mkono ule zilikuwa zimevunjika, na vidole vyote vitano vilikuwa vyeusi kwa grisi. Muda huohuo picha inapigwa, bidada hakujua kama ile pete italala kidoleni usiku ule au itarudi kwa mwenyewe.

Majina hayatajwi. Wanaowajua wanaombwa watulie.

SEKTA YA USAFIRI

Bidada huyu alianza na video fupi za kuchekesha, akahamia kwenye urembo, baadaye matangazo yakaanza kuingia. Ukimsikiliza anavyoongea utasema kazaliwa Masaki. Ukimuuliza kwao ni wapi, anakwambia "Dar tu, ila wazee wana asili ya Dodoma." Baba je? "Ni mfanyabiashara, yuko sekta ya usafiri. Anasafiri sana."

Hapo kwenye sekta ya usafiri hakudanganya hata kidogo. Baba yake ni fundi baiskeli.

Mzee ana kibanda cha mabati chini ya mwarobaini, nje ya Dodoma mjini, njia ya kwenda Hombolo. Vitendea kazi vyake ni beseni la maji, pampu ya mguu, kopo la solusheni na viraka alivyovikata mwenyewe kwenye tyubu kuukuu. Muda wote kuna baiskeli mbili tatu zimepinduliwa magurudumu juu. Kwa kibanda hicho alimlea binti yake baada ya mama mtu kufariki, akamsomesha mpaka kidato cha nne. Mikono yake haijawahi kutakata, hata siku ya Pasaka.

Ule uongo haukuanza kama mpango. Siku moja kwenye mahojiano mtangazaji aliuliza, "Mzee anajishughulisha na nini?" Bidada akaona aibu, akajibu kwa kuzungushazungusha. Watu wakajaza wenyewe mabasi na malori. Yeye hakukanusha. Ukiacha uongo ulale kwako siku mbili, siku ya tatu unadai chakula.

Kisha akaja jamaa. Mtoto wa Mikocheni, anafanya kazi za kompyuta Ujerumani, mpole, hana makuu. Mambo yakaiva, wakafika hatua ya posa. Washenga wakapokelewa kwenye ukumbi wa hoteli, maua mpaka mlangoni. Aliyekaa kiti cha baba alikuwa binamu wa marehemu mama yake, mzee wa Dar mwenye kitambi cha heshima na suti ya bluu. Akapokea barua, akapokea mahari, akatoa nasaha. Video ikarushwa.

Mzee wa Hombolo aliambiwa shughuli yenyewe bado, itakuwa mwakani.

KUJIFANYA HUJUI UNACHOKIJUA

Sasa jamaa ana ugonjwa mmoja, baiskeli za graveli. Kama huzijui, kwa mbali utasema ni zile za mashindano, kwa sababu usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo. Ila matairi yake ni mapana, gia zake ni nyepesi kwa milima, na breki ni za diski. Zimetengenezwa kwa ajili ya barabara za changarawe, zile ambazo gari linapita na lami hakuna.

Mpango wa jamaa ulikuwa siku tatu za baiskeli Toscana mwezi Septemba, wakati wa mavuno ya zabibu. Mama yake, ambaye alikuwa amemtembelea Ujerumani, angewasubiri Siena siku ya mwisho wale chakula cha jioni pamoja. Bidada akaitika haraka. Aliona picha kichwani kabla hata ya kuuliza bei.

Tatizo ni kwamba alishamwambia jamaa hajui kuendesha baiskeli. Binti wa mfanyabiashara wa usafiri angejulia wapi?

Ukweli ni kwamba alianza kuendesha akiwa na miaka saba, kwenye Phoenix ya mteja, baiskeli kubwa ya kiume yenye bomba la juu. Alikuwa hafikii siti, kwa hiyo alipitisha mguu mmoja chini ya bomba, akanyonga huku mwili umening'inia upande. Waliokulia kijijini wanaelewa. Akiwa darasa la tano alikuwa anapeleka mahindi mashineni, debe zima nyuma kwenye keria.

Lakini mbele ya jamaa alijifanya. Wakaenda bustanini, akashikwa siti na kusukumwa, akayumba na kupiga ukelele kidogo. Jamaa akawa anamtia moyo, "Angalia mbele mpenzi, usiangalie tairi." Naye akawa anaitikia kama mwanafunzi.

Siku ya kwanza Toscana, mwili ukaanza kumsaliti. Wakiteremka mteremko wa changarawe, watu wazima wenye baiskeli za mamilioni walikuwa wamebana breki, mabega yamepanda mpaka masikioni. Bidada akalegeza viwiko, akarudisha makalio nyuma, akaiacha baiskeli icheze chini yake. Alifika bondeni wa kwanza, akabaki anawasubiri wenzake.

"Umejifunza haraka kweli!" jamaa akamwambia, ameshangaa.

"Una mwalimu mzuri," akajibu. Na hilo nalo lilikuwa kweli, ila mwalimu hakuwa jamaa.

VUMBI LINALOTUNZWA

Walifikia Gaiole in Chianti, mji mdogo bondeni, vilima vya mizabibu kila upande. Kundi lilikuwa la watu wanane pamoja na mwongozaji, Muitaliano mtu mzima mwenye miguu kama nguzo. Asubuhi ya kwanza walipanda kuelekea ngome ya Brolio. Ngome hiyo iko kwenye ukoo wa Ricasoli tangu mwaka 1141. Ni humo humo alimoishi Bettino Ricasoli, mtu aliyekuwa waziri mkuu wa pili wa Italia na ambaye mwaka 1872 aliandika namna ya kuchanganya zabibu za mvinyo wa Chianti. Barabara ya kwenda huko inapita katikati ya miti mirefu myembamba ya misaiprasi, na ni nyeupe kama imemwagiwa unga.

Weupe huo ni wa mawe ya chokaa ya huko, yanayosagika yakawa vumbi. Waitaliano wanaziita strade bianche, yaani barabara nyeupe. Baada ya nusu saa, miguu, chupa za maji na kope zote zilikuwa nyeupe. Bidada alijiangalia kwenye kioo cha simu akaona mtoto wa Hombolo anamtazama. Tofauti ni rangi tu. Vumbi la kwao ni jekundu.

Walipopumzika, mwongozaji akawapa historia. Kuna kipindi lami ilikuwa inazimeza barabara hizi moja moja. Mwaka 1997 mpenzi mmoja wa baiskeli, Giancarlo Brocci, akaanzisha pale Gaiole tamasha linaloitwa L'Eroica ili watu wazione na kuzilinda. Mwaka ule walijitokeza watu 92. Siku hizi wanakuja maelfu kutoka dunia nzima kila Oktoba, na sharti ni kupanda baiskeli za zamani, zilizotengenezwa mwaka 1987 kurudi nyuma. Waanza safari kabla hakujapambazuka, mwanga wa mienge ukiwaonyesha njia ya kupanda Brolio. Barabara zikapona.

Bidada alibaki kimya. Yaani kuna watu wamepigania vumbi libaki? Kwao kila uchaguzi mgombea anaahidi lami, na kila mvua zikinyesha mgonjwa anabebwa kwa machela kwa sababu gari limekwama.

Hapa mtu asidanganyike. Vumbi la hiari na vumbi la lazima si kitu kimoja. Mtaliano wa Gaiole ana lami ya kumfikisha hospitali, ndiyo maana anaweza kuipenda barabara ya changarawe. Bidada alilijua hilo vizuri kuliko wote pale. Kilichomchoma kilikuwa kingine. Wale watu walikuwa na baiskeli za babu zao, wanazifuta, wanazitaja miaka, wanajivunia mafundi waliozitengeneza. Mwongozaji mwenyewe alisema baba yake alikuwa na karakana ya baiskeli. Alisema hivyo kifua mbele, kama mtu anayesema baba yake alikuwa balozi.

Na yeye wa kwake kamficha nyuma ya suti ya kuazima.

ALIVYOJIKWAA KWENYE ZABIBU

Siku ya pili njia ilizunguka Radda, Volpaia na Castellina. Volpaia ni kijiji cha mawe juu kabisa ya kilima, vichochoro vyembamba, na ndani ya nyumba hizo za kale kuna mapipa ya mvinyo. Castellina kuna njia inayopita chini ya nyumba, imefunikwa juu kama handaki, wakati wa vita ilikuwa sehemu ya ngome. Zote hizi zilikuwa kwenye mpaka wa ugomvi wa miji miwili, Florence na Siena, waliopigana karne na karne.

Watu wa huko wana hadithi kuhusu mpaka huo. Inasemekana walichoka vita, wakakubaliana kila mji umtoe mpanda farasi jogoo atakapowika, na pale watakapokutana ndipo mpaka uwekwe. Siena wakachagua jogoo mweupe, wakamlisha akanona. Florence wakachagua jogoo mweusi, wakamnyima chakula. Jogoo mwenye njaa hakusubiri alfajiri, akawika usiku. Mpanda farasi wa Florence akaondoka mapema, wakakutana karibu kabisa na Siena. Ndiyo maana chupa za Chianti Classico mpaka leo zina alama ya jogoo mweusi.

Jamaa alicheka sana. Bidada alitabasamu, lakini moyoni alisema mwenye njaa ndiye anayeamka mapema, hilo halihitaji hadithi.

Shambani wavunaji walikuwa kazini, mikasi mikononi, makreti kwenye mistari ya mizabibu. Zabibu kubwa ya Chianti ni Sangiovese. Mvinyo ukitaka kuitwa Chianti Classico lazima angalau asilimia 80 iwe hiyo. Mwongozaji akaomba kichala kimoja wakionje. Bidada akapasua tunda moja, akaangalia mbegu, akaitafuna.

"Hii imeiva," akasema. "Mbegu imeshakuwa kahawia na inavunjika. Ikiwa ya kijani inakuwa chungu."

Mwongozaji alimgeukia kwa heshima mpya. Jamaa naye akageuka.

"Umejuaje?"

"Niliona YouTube."

YouTube gani! Dodoma ndiko zabibu ya Tanzania inakolimwa, na yeye likizo zote alikuwa kibarua kwenye mashamba ya majirani. Chianti wanavuna mara moja kwa mwaka. Dodoma wanavuna mara mbili. Wale wavunaji walivyoinama, walivyoshika kichala kwa mkono wa kushoto na kukata kikonyo kwa mkono wa kulia, vidole vyake vyenyewe vilikuwa vinakumbuka. Alipiga picha tatu akiwa amebeba kreti. Kapsheni akaandika "Leo nimejaribu maisha ya shamba." Alipomaliza kuituma, alijisikia vibaya, akaifuta kabla hata haijapata laiki kumi.

Usiku ule hakulala vizuri. Jamaa alifikiri ni uchovu wa miguu.

MONTE SANTE MARIE

Siku ya tatu gari liliwashusha na baiskeli zao Castelnuovo Berardenga, waendeshe mpaka Siena. Upande huo mizabibu inapungua. Unaingia Crete Senesi, nchi ya udongo wa mfinyanzi wa kijivu, vilima vitupu vilivyovunwa ngano, nyumba moja hapa na nyingine kule kwa mbali. Humo ndani kuna kipande kinaitwa Monte Sante Marie, zaidi ya kilomita 11 za changarawe, kupanda na kushuka bila huruma. Mashindano makubwa ya Strade Bianche, yaliyoanza mwaka 2007, yanapita hapo. Mwaka 2024 Tadej Pogačar aliwaacha wenzake hapohapo zikiwa zimebaki kilomita 81, akaenda peke yake mpaka Siena.

Jamaa aliijua hiyo stori kwa moyo. Kwa hiyo naye akataka kuteremka kama Pogačar.

Mteremko wa pili, tairi lake la nyuma likagonga jiwe lenye ncha. Ukasikika mlio kama wa soda inayofunguliwa, maji meupe yakaruka mpaka mgongoni.

Matairi ya kisasa mengi hayana tyubu. Ndani yanawekwa maji ya gundi ambayo yanaziba tundu dogo lenyewe wakati unaendelea kunyonga. Lakini hili halikuwa tundu dogo. Tairi lilipasuka ubavuni, mpasuko wa urefu wa kucha ya kidole gumba. Mwongozaji alikuwa nyuma sana na mama mmoja aliyeanguka. Wengine walishatangulia. Pale walibaki jamaa, bidada na mzee mmoja Mjerumani. Mtandao wa simu hakuna. Kivuli hakuna.

Jamaa alikuwa na tyubu moja ya akiba. Akaiweka, akapampu. Ikachungulia kwenye ule mpasuko kama ulimi. Akaitoa, akaanza upya kwa haraka, akaibana na kile kijiti cha plastiki cha kufungulia tairi. Akapampu tena. Fyuuu. Imetoboka.

Bidada alikuwa amekaa kwenye nyasi, anaangalia. Alijua kila kosa kabla halijafanyika. Alijua tyubu itachungulia. Alijua kile kijiti kitaibana. Dakika ishirini nzima aliyabana maneno mdomoni. Mama mkwe alikuwa anasubiri Siena na mdomo huu huu wa uongo ndio ungemwamkia shikamoo.

Mzee Mjerumani akatoa kikopo kidogo cha viraka cha kizamani. "Mimi sijawahi kukitumia," akasema. "Nimekibeba kama hirizi."

Jamaa akakifungua, akapaka gundi, akataka kubandika kiraka papo hapo ikiwa bado mbichi.

"Acha!"

Sauti ilimtoka kabla hajaamua. Akainuka, akapiga magoti kwenye changarawe, akachukua ile tyubu. Akaipampu kidogo, akaisogeza karibu na shavu, akaizungusha taratibu mpaka upepo ukampiga pembeni ya mdomo. Akatema mate kidoleni, akapaka. Povu likatokea. Tundu ni mawili, kama kawaida ya tyubu iliyobanwa.

Msasa haukuwepo kwenye kikopo. Akafungua kijimfuko chake cha vipodozi, akatoa tupa ya kucha, akasugua mpira mpaka ukawa na kwaruzo. Akafuta. Akapaka gundi nyembamba. Kisha akakaa, ameishika tyubu hewani, hafanyi kitu.

"Sasa unasubiri nini?" jamaa akauliza.

"Ikauke. Gundi haina haraka, mwenye haraka ni abiria."

Hilo ni neno la kibandani kwao. Alilisikia mara elfu. Alipolitamka lilitoka na lafudhi ya Kigogo, ile aliyoipoteza kwa makusudi miaka sita.

Alipobandika viraka, alivikandamiza kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote. Ndipo kucha ya kwanza ilipovunjika. Bado ule mpasuko wa tairi. Baba yake huwa anaweka kwa ndani kipande cha tairi kuukuu ili tyubu isichungulie. Porini Toscana tairi kuukuu halipo. Akanyoosha mkono bila kumwangalia jamaa. "Nipe noti."

Akapewa ya euro 5. Akaikunja mara mbili, akaipachika ndani ya tairi mahali penye mpasuko, akarudisha tyubu, akalirudisha tairi kwenye rimu kwa vidole tu bila ule mkangafu wa plastiki. Kucha ya pili ikaenda. Akapampu, akabonyeza, akasikiliza. Kimya. Imeshika.

Mzee Mjerumani akapiga makofi peke yake. Jamaa hakupiga.

"Hiki kitu umejifunza wapi?"

YouTube ilikuwa palepale, inamsubiri. Angeweza kuisema na maisha yangeendelea.

"Kwa baba."

"Baba yupi?"

KILOMITA ZA KIMYA

Alimweleza yote palepale barabarani, akiwa bado amepiga magoti. Jamaa hakufoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akapanda baiskeli, akatangulia. Afadhali angefoka.

Mpaka Siena hawakusemeshana. Tairi lenye noti ya euro 5 lilikuwa mbele yake muda wote, linazunguka, halipungui upepo hata kidogo. Mwisho wa safari kuna mlima mkali wa mtaa wa Santa Caterina, barabara nyembamba ya mawe kati ya nyumba za kale, mwinuko unafika asilimia 16. Watu wengi wanashuka wanasukuma. Yeye alipanda ameng'ata meno. Ghafla nyumba zikafunguka, mbele ukatokea uwanja wa Piazza del Campo, umetengenezwa kama ganda la kombe, umeinama kuelekea katikati. Hapo ndipo ile picha ilipopigwa, na aliyeipiga ni mzee Mjerumani. Jamaa alikuwa amesimama pembeni, anaangalia mnara.

Mama mkwe alishakaa mezani. Bidada akaenda moja kwa moja. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mikono hivyo?"

Akaeleza tena, mara ya pili ndani ya siku moja. Mama alisikiliza bila kugusa chakula. Swali lake la kwanza halikuwa la fundi baiskeli wala suti ya bluu.

"Mahari yetu tulimpa nani?"

Bidada akafungua simu, akaonyesha akaunti. Zilikuwepo zote. Hakuthubutu kuzitumia wala hakuweza kumpelekea mwenyewe, maana angezielezaje?

Mama akavua miwani. "Sisi hatukukataa mtoto wa fundi. Hakuna aliyetuuliza. Wewe ulitukatalia kwa niaba yetu, ukamkatalia na baba yako." Akanyamaza kidogo. "Hizo zitarudi kwetu, na zitapelekwa upya kwa mwenyewe. Kama mwenyewe atazipokea. Mpigie."

"Sasa hivi mama?"

"Sasa hivi."

SIMU

Dodoma kulikuwa giza limeshaingia. Mzee alipokea kwa ule mtindo wa wazee, sauti ya juu kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto. Bidada akaanza kulia kabla ya salamu kwisha. Akasema posa ilishafanyika. Akasema kuhusu yule mtu aliyekaa kwenye kiti.

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha:

"Niliiona, mwanangu. Vijana waliniletea kwenye simu siku ileile. Yule bwana suti yake ilikuwa nzuri."

Miezi saba mzee alikuwa anajua. Kila Jumapili wanaongea, anauliza afya, anauliza kazi, hakuwahi kugusia. Bidada alilaza kichwa mezani mbele ya mkwe na mchumba.

Alipoweza kuongea tena, alimweleza ilivyojulikana. Tyubu, viraka, tupa ya kucha, noti. Mzee akakatiza.

"Gundi uliiacha ikauke?"

"Niliiacha, baba."

"Tairi limefika?"

"Limefika."

"Haya." Na kwa mara ya kwanza sauti ikabadilika. "Hao wakwe waambie waje. Ila waje hapa kibandani. Hotelini mimi sina kiti."

Huo ndio mwisho wa stori kwa sasa. Pete bado ipo kidoleni, lakini tarehe ya harusi imeondolewa. Jamaa amesema hajaachana naye, anahitaji muda wa kumjua mtu aliyemchumbia. Safari ya Dodoma imepangwa, mama mkwe ndiye ameikazania. Akaunti ya bidada iko kimya, na ile picha ya Siena haijafutwa. Safari hii ameongeza nyingine pembeni yake, haina kapsheni. Ni mkono wa kulia, kucha mbili hazipo, grisi mpaka kwenye mistari ya kiganja.

Wengi wamekomenti wakidhani ni tangazo la sabuni.

Wewe ungekuwa huyo jamaa, ungemsamehe? Na ungekuwa mzee, ungewapokea? Tiririka hapo chini.